Je, wanyama waingizwe katika matibabu ya afya ya akili?

Wapo wanaotaka hospitali zetu za magonjwa ya akili zianze kutumia mbwa na paka kuwasaidia wagonjwa wa sonona, na wapo wanaojibu kwamba huo ni uzungu mtupu, kwani penye uhaba wa wauguzi na dawa mbwa hana nafasi. Mimi nawaunga mkono wa kwanza, ila kwa sababu yangu mwenyewe.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1796 Waquaker, waumini wa dhehebu moja la Kikristo, walifungua mjini York, Uingereza, nyumba ya wagonjwa wa akili iliyoitwa The Retreat, zama ambazo wagonjwa wengi walifungwa minyororo, na katika nyua zake wakafuga sungura na kuku ili wagonjwa wazoeane nao. Marekani, kwa upande wake, ilielekea kwenye barua za daktari za kuthibitisha kwamba mgonjwa anahitaji mnyama wa kumliwaza, hata mwaka 2018 abiria mmoja akafika uwanja wa ndege na tausi wake wa kumliwaza (alikataliwa), na tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kuzitambua barua hizo.

Kwa maoni yangu, kinachomsaidia mtu ni kule kuhitajiwa kila siku na mnyama anayemtunza. Jirani yangu, mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe, hakuwa akitoka chumbani hadi adhuhuri. Alipoachiwa mbuzi mwenye mimba, ilimbidi aamke alfajiri akakate majani, na njiani husalimiwa na watu waliokuwa wameacha kumwona. Dawa zake anaendelea kuzimeza, na ndivyo inavyopasa.

Hoja kwamba mbwa ni najisi haina uzito mkubwa, maana anayejiepusha na mbwa ana paka, ambaye Waislamu wa pwani wamekaa naye ndani tangu zamani. Hoja nzito ni kichaa cha mbwa, ambacho huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, ilhali kuchanja asilimia 70 ya mbwa hutosha kukata maambukizi. Mbwa asiyechanjwa asikanyage wodini.

Wanaopinga naomba waache neno uzungu, wajibu hili: mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani na kuku wawili wa kuwatunza, kisha akalazwa tena, nani atawalisha, na kwa fungu lipi?