Mrejesho: Op-ampu iliyoganda juu katika uigaji

Niliuliza kwa nini LM358, aina ya op-ampu (saketi ya kukuza ishara), inayolishwa volti 12 na kupokea ishara kupitia kapasita ya nanofaradi 100, huganda kwenye volti 10.5 hivi tangu uigaji wa kompyuta unapoanza, ilhali programu ikiruka hesabu ya mwanzo (ya hali tulivu, kabla ya wimbi), wimbi huanzia chini likiwa limekatwa nusu, kisha hupanda taratibu. Ndugu aliyeniambia nifuatilie mkondo wa bayasi (mkondo mdogo unaopita kwenye miguu ya ingizo ya op-ampu) alilenga penyewe. Mguu wa ingizo chanya haukuwa na njia ya DC (mkondo mnyoofu): hesabu ya mwanzo huichukulia kapasita kuwa waya uliokatika, na kwa kuwa transista za ingizo ni za aina ya PNP, nanoampea 20 hivi zinazotoka mguuni huisukuma nodi (kiungo cha mguu huo na kapasita) hadi juu. Hesabu ikirukwa, mkondo huohuo huichaji kapasita kwa takribani volti 0.2 kwa sekunde, kiasi ambacho uigaji wa milisekunde chache hauwezi kukionyesha.

Nimeunganisha rezista ya kilo-omu 100 kutoka mguu huo hadi volti 6. Mkondo wa bayasi sasa unaongeza milivolti 2 tu, jambo lisilonisumbua. Nikiruka hesabu ya mwanzo, nodi bado huchukua kama milisekunde 50 kutulia, kwa hiyo ninasoma wimbi baada ya hapo.