Tupeane uzoefu: kisima cha msaada kinachofika mwaka wa kumi kikitoa maji kimejengwaje?

Mdau wa Maji
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa visima vya msaada vijijini: vya kanisa, vya msikiti, vya shirika, vya mtu wa ughaibuni aliyekumbuka kwao. Picha za uzinduzi tunazo tele, za mwaka wa nne hatuna. Katika orodha ya vituo vya maji 59,400 vya Tanzania iliyowekwa wazi kwa mashindano ya wachambuzi wa takwimu, vilivyokuwa vinatoa maji vizuri ni asilimia 54 tu. Asilimia 38 vilishakufa, vilivyobaki vilikuwa vinachechemea. Naomba tuache zile za "siku moja nilifika kijiji fulani". Leta kipimo, kifaa, kinachoharibika na sababu yake.

Mpima Miamba
Tuanzie chini ya ardhi, maana kosa la huko halitibiki kwa spana.

Kwanza msimu. Kisima kilichopimwa Mei, mvua zikiwa zimeisha juzi, kitamfurahisha kila mtu na kukauka Oktoba. Kama ratiba ya mfadhili inalazimisha Mei, basi hesabu kwamba maji yatashuka mita kadhaa na uchimbe zaidi.

Pili, namba inayoandikwa na mchimbaji. Akimaliza kuchimba anapuliza maji kwa kompresa, anayakinga, anaandika "lita 4,000 kwa saa". Hicho si kipimo cha kisima. Kipimo ni kushusha pampu, kuvuta kwa kasi ileile bila kusimama (saa 6 zinatosha kwa pampu ya mkono, saa 24 kwa ya mota), huku ukipima kina cha maji kwa kamba ya kupimia. Ukizima, unaendelea kupima yanavyorudi. Maji yakikataa kurudi yalipokuwa, ujue ulikuwa unamaliza akiba ya kwenye mipasuko ya mwamba. Hilo ni la kawaida sana Dodoma, Singida na Tabora, ambako maji yako kwenye mwamba uliooza na nyufa zake. Panga matumizi yasizidi asilimia 60 hadi 70 ya kile kipimo kilichotoa.

Tatu, nafasi ya kokoto. Bomba la plastiki la milimita 125 linahitaji shimo la inchi 8, ili pembeni ibaki nafasi ya kumwaga kokoto za mtoni za milimita 2 hadi 4, za duara, zilizooshwa. Mchimbaji wa bei rahisi hutoboa inchi 6 na kusukumiza bomba hilohilo. Kokoto hazipiti. Mchanga unaingia kwenye chujio (kile kipande cha bomba chenye matundu ya kupitisha maji), na mchanga huo ndio unaokula raba za pampu kila baada ya miezi michache. Kijiji kitalaumu pampu miaka yote.

Mita 5 za juu zizibwe kwa saruji kuzunguka bomba, la sivyo maji ya mvua yatashuka pembeni na kinyesi cha ng'ombe. Choo kiwe mbali angalau mita 30, tena upande wa bondeni. Na leseni ya mchimbaji pamoja na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde viulizwe kabla gari la kuchimbia halijawasha injini.

Binti Meru
Mpima Miamba umeruka floridi. Arumeru, Hai, Hanang, hata sehemu za Shinyanga na Singida, maji yanaweza kuwa meupe na matamu na bado yakaharibu meno ya watoto na kukunja mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha: maji yanapungua, floridi inabaki. Sampuli iende maabara kabla ya kujenga sakafu na kununua pampu. Ipimwe floridi, chumvi, chuma, manganizi na nitrati, pamoja na vijidudu. Dawa inayojulikana kwetu ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Lakini mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Kijiji kisicho na mtu wa kuubadilisha ni bora kitafutiwe chanzo kingine.

Mzee wa Pete
Kisima cha kuchimba kwa sululu kisidharauliwe. Pale maji yalipo mita 6 hadi 15 na udongo unachimbika, ni nafuu na kina akiba. Pete ya zege yenye kipenyo cha ndani cha mita 1 na kimo cha nusu mita, unene sentimita 7.5, ina uzito wa kilo 300 hivi, kwa hiyo ishushwe kwa tripodi na winchi. Mchanganyiko ni 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na pete zimwagiliwe siku 7 kabla ya kuguswa. Huchimbwa chini ya pete ya kwanza ili zote zishuke taratibu kwa uzito wake. Chimba mwisho wa kiangazi, ingia mita 2 hadi 3 ndani ya maji, kisha mwaga kokoto sentimita 20 au 30 sakafuni. Pete zilizo ndani ya maji zisizibwe maungio. Za mita 3 za juu zizibwe kwa saruji, na nyuma yake ushindiliwe mfinyanzi.

La kuua ni hewa. Pampu ya petroli ya kutolea maji haishushwi kisimani hata kwa dakika moja: moshi wake una gesi isiyoonekana inayoua aliyemo, kisha inamuua anayeshuka kumwokoa. Shimo lililokaa wazi usiku lipigiwe hewa kwanza, na aliyemo awe amefungwa kamba muda wote.

Na mdomo ufunikwe kwa zege lenye mfuniko unaofungwa. Kisima wazi cha ndoo na kamba ni dimbwi lenye kuta tu.

Fundi Raba
Haya, pampu. Afridev ndiyo nyingi kwa kina cha mita 10 hadi 45. Uzuri wake ni kwamba pistoni na vali ya chini vinavutwa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe. Spana moja na chombo cha kuvulia, watu wawili, saa mbili.

Vinavyokwisha, kwa mpangilio: raba ya pistoni (ile yenye umbo la U), bobini za vali (vizibo vidogo vinavyofungua na kufunga maji), bushi za plastiki za kwenye mkono wa pampu, raba ya duara ya vali ya chini. Hivi vyote badilisha mara moja kwa mwaka, hata kama pampu haijalalamika. Bushi zikiisha ukaendelea kupampu, chuma kinasugua chuma, na sasa unanunua kichwa kizima badala ya plastiki inayoshikika mkononi.

Vipimo viwili ambavyo kamati inaweza kufanya bila fundi. Cha kwanza: acha pampu dakika 30 bila kuguswa, kisha pampu. Maji yakichelewa kupita mapigo 5, vali ya chini inavuja au bomba lina ufa. Cha pili: pampu mapigo 40 kamili kwa dakika moja ukikinga. Pampu mpya hutoa lita 15 na zaidi kidogo, ikishuka chini ya 10, raba imekwisha. Fanyeni tarehe mosi ya kila mwezi na muandike kwenye daftari. Daftari litawaonyesha pampu inavyodhoofika miezi mitatu kabla haijanyamaza.

Mabomba ya Afridev ni ya plastiki, mita 3 kila moja, yanaunganishwa kwa gundi. Makosa ni yaleyale: bomba limeachwa juani mpaka likapinda, kiungo hakikusuguliwa wala kusafishwa, au watu wameanza kupampu saa hiyohiyo gundi ikiwa mbichi. Iachwe ikauke usiku kucha. Fito nazo, zile zinazounganisha mkono wa pampu na pistoni, ziwe na raba za kuzishika katikati, vinginevyo zinalikata bomba kwa ndani kama msumeno.

India Mark II ni kitu kingine. Mabomba yake ni ya chuma. Kwa mita 30, ukijumlisha bomba, fito na maji yaliyomo, unanyanyua karibu kilo 150 kila raba inapokwisha. Inataka vibanio, tripodi na watu wanaojua. Tena maji yenye pH (kipimo cha uchachu) chini ya 6.5 yanayala mabomba ya mabati: maji yanageuka rangi ya chai, chakula kinabadilika, wanawake wanarudi mtoni. Kabla hujachagua pampu pima pH. Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko nauli ya fundi.

Maji yasiyozidi mita 15, Nira ni ngumu na rahisi, na mafundi wa Mtwara na Lindi wanaijua toka miradi ya Wafini. Tazama wilaya jirani wana pampu gani, uweke hiyohiyo. Pampu ya kigeni iliyo peke yake wilayani ni yatima.

Jua la Utosi
Fundi, zama za kupampu kwa mkono si zimepita? Sola na tangi, mambo yameisha.

Mpima Miamba
Hayajaisha, Jua la Utosi, yanahamia kwenye hesabu. Sera ya maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Chukua kijiji cha watu 1,500: lita 37,500 kwa siku. Kupandisha maji hayo mita 60, kutoka yalipo kisimani mpaka juu ya tangi, ni nishati ya uniti 6.1. Pampu na mota vikila nusu yake, unahitaji uniti 12 hivi. Kwa saa 5 za jua zuri ni kilowati 2.5, ongeza robo kwa ajili ya vumbi na joto: kilowati 3.1, sawa na paneli kumi za wati 330.

Sasa rudi kisimani: lita 37,500 kwa saa 5 hizo ni lita 7,500 kila saa. Kisima chako kinatoa 2,500? Basi paneli hazitakusaidia, na pampu itavuta hewa na kuungua kama haina kihisi cha kuizima. Kisima hichohicho kingehudumia kwa raha pampu ya mkono, ambayo haivuti zaidi ya lita 1,000 kwa saa.

Fundi Raba
Na paneli zinaibiwa. Nguzo za mita 4, bolti zilizochomelewa, mlinzi anayelipwa. Na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uendeshe mota) ikiungua, raba ya dukani haitaiponya.

Mkwale
Kwetu Kwale, Kenya, ndiko Afridev ilikojaribiwa sana miaka ya 1980 kwa msaada wa Sweden, kwa hiyo tuna pampu za zamani za kutosha. Kilichobadilisha hali hapa na Kitui ni huduma ya FundiFix: vikundi vya watumiaji hulipa ada kila mwezi, na fundi ana mkataba wa kufika. Baadhi ya pampu zilifungwa kifaa mkononi kinachohesabu mapigo na kutuma kwa simu, kwa hiyo kimya cha pampu kinaonekana ofisini. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku 3. Kijiji kimoja hakiwezi kumlisha fundi. Pampu hamsini zinaweza.

Mweka Hazina
Naunga mkono, ila ada ifuate shamba. Mkulima wa pamba ana pesa Juni hadi Agosti, wa korosho Oktoba hadi Desemba. Kudai shilingi 1,000 ya Februari, njaa ikiwa mlangoni, ni kutafuta ugomvi. Kaya 60 zikilipa ya mwaka mzima wakati wa mavuno, shilingi 12,000 kila moja, mfuko una 720,000 kabla mvua hazijaanza. Masika watu huhamia kwenye madimbwi na hawalipi kitu, hilo lipangwe mapema. Anayeuza kwa ndoo apate hesabu kila jioni, na pesa zisilale kwenye kibindo cha mwenyekiti.

Karatasi mbili zisikosekane. Moja, hati ya mwenye shamba kutoa eneo pamoja na njia ya kufikia kisima, ikiwa na saini za mke au mume, watoto wakubwa na mtendaji, kwa sababu mzee akifa warithi huweka uzio. Mbili, kisima kiandikishwe chini ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinachotambuliwa na RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) kwa Sheria Na. 5 ya 2019. Kisima kisichojulikana wilayani hakina anayekuja kukitengeneza.

Mama Mchicha
Jamani klorini kiasi gani baada ya fundi kufungua kisima? Kwetu wanamwaga kopo zima.

Mzee wa Pete
Mama, hesabu ni ya ujazo. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji mita 3 kina lita 2,350 hivi. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, gramu 180 zinatosha. Koroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki, acha chokaa itulie, mwaga maji ya juu tu. Kisima kirefu cha bomba la inchi 6 chenye maji mita 40 ni kama lita 700, kinataka gramu 55. Pampu mpaka usikie harufu mdomoni mwa bomba, funga usiku kucha, asubuhi toa maji mpaka harufu iishe. Maji hayo yasiende kwenye mchicha wako.

Maji ya kila siku yanayomwagika sakafuni ndiyo ya mchicha: mfereji wa mita 6, bustani mwisho wake. Birika la ng'ombe liwe mbali zaidi, nje ya uzio.

Mdau wa Maji
Wapo jamaa wa Muscat wanaotaka kuchimba kisima cha sadaka jariya Tanga. Wamuulize nini anayewapokelea pesa?

Mweka Hazina
Waombe ripoti ya kipimo cha saa 6, majibu ya maabara, nakala ya kibali na hati ya eneo. Asilimia 10 ya malipo ibaki mpaka kiangazi cha kwanza kipite. Bajeti iwe na vipuri vya miaka miwili na mafunzo ya watu wawili, mmoja awe mwanamke anayeishi hapohapo, maana vijana waliofunzwa huondoka na cheti kwenda mjini.

Fundi Raba
Na kile kibao cha marumaru. Jina la marehemu liwe juu, halafu chini yake wachonge: kina cha kisima, maji yanasimama mita ngapi, silinda (anamochezea pistoni) iko mita ngapi, chujio limeanzia wapi, aina ya pampu, mwezi na mwaka. Faili za mradi hupotea, na fundi anayefika bila hizo namba anaanza kwa kung'oa mabomba yote ili ajue ana mangapi.