Upepo wa matairi kwa gari kuukuu: niweke ngapi?

Mama wa Kisasa, Jumapili saa tatu usiku

Assalaam aleikum, na kwa wanaosema Bwana asifiwe, asifiwe sana.

Mie mgeni kwenye jukwaa hili letu Wakenya tuishio Dodoma. Kazi imening'oa Mombasa ikanitupa Dodoma tangu Januari, na baada ya miezi miwili ya kubanana kwenye daladala za Mtumba nimenunua Corolla ya 1998 kwa mwenzangu kazini. Kwetu gari likizidi miaka minane haliingii nchini. Hapa naona mtu hulipa ushuru wa uchakavu maisha yakaendelea, ndiyo maana barabarani nakutana na magari niliyoyaaga nikiwa msichana.

Ninachouliza ni presha ya matairi. Upepo, kama wanavyosema hapa. Mara ya kwanza fundi aliponiuliza, "Mama, upepo ngapi?" nilitazama juu nione miti inavyotikisika.

Sasa hesabuni nami. Fundi pancha wa karibu na nyumbani aliweka PSI 30 (pauni kwa inchi ya mraba, ndicho kipimo cha geji zao), hakuuliza neno. Wa pili, kule Majengo, alilipiga tairi teke mara mbili akasema limeshiba. Wa tatu, kijana nadhifu, alipiga magoti akasoma maandishi ubavuni mwa tairi, akakuta MAX 44 PSI, akaniambia wenzake wanabahatisha, yeye anasoma. Akajaza 44 zote nne. Alinifurahisha, nikamwachia na chenji.

Jumamosi nikaenda na wenzangu watatu kwenye shamba la zabibu, ukifika Mpunguzi unaacha lami unashika njia ya vumbi. Gari lilikuwa linadunda kama mpira. Penye changarawe, kona ndogo tu, mwendo wa arobaini, nyuma ikanitoka ikaelekea mtaroni. Aliyekaa nyuma aliimaliza Ayatul Kursi kabla sijalirudisha.

Nyumbani nikafungua mlango wa dereva, nikaona kwenye nguzo stika ya Kijapani iliyobanduka nusu. Ninachoweza kusoma ni tarakimu tu: 220, pembeni yake (2.2), na saizi 175/65R14. Matairi niliyouziwa yameandikwa 185/70R14. Nimfuate nani?

Mzee wa Nkuhungu, Jumatatu saa kumi na moja alfajiri

Karibu Dodoma, dada yangu. Mimi ni wa Voi, niliingia mji huu kabla Serikali haijahamia, enzi unaegesha popote unapotaka.

Kijana wako anajua kusoma, ila kasoma pasipo pake. Ile 44 ni mwisho wa tairi lenyewe, kwamba lisijazwe kupita hapo. Kiwanda cha matairi hakijui tairi litafungwa kwenye gari gani wala litabeba nini. Anayejua uzito wa gari lako ni aliyeliunda, naye kaandika kwenye hiyo stika. 220 ni kilopaskali, 2.2 ni kilo kwa sentimita ya mraba. Kwa geji za mafundi wetu hiyo ni 32. Kwa hesabu ya kichwani, gawa kilopaskali kwa saba, utaangukia karibu.

Saizi isikunyime usingizi. Baada ya 175/65R14 kwa kawaida hufuata namba 82, maana yake tairi moja hubeba kilo 475. Kwenye 185/70R14 utakuta 88, kilo 560. Yako yana nguvu zaidi ya yanayotakiwa, 32 itayatosha. Ungeuziwa yenye namba ya chini kuliko ya stika ningekuambia uyarudishe. Ila haya yako ni makubwa kwa kimo, kama asilimia tano: mshale ukisema 50, wewe uko karibu 53. Ukienda Dar ukakuta askari wa tochi ya kupima mwendo kwenye kijiji chenye kibao cha 50, hatakuuliza saizi ya matairi, atakuandikia faini ya elfu thelathini. Halafu kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, usikilize kama linasugua madigadi.

Sasa jambo ambalo mafundi hawakuambii. Ile 32 ni ya tairi lililopoa. Kupoa si kumwagiwa maji. Ni gari limelala, au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi kivulini, au limetembea kilomita moja mbili za taratibu. Ukitoka Mtumba saa tisa mchana mwezi wa kumi na moja, lami inawaka, ukapima, utasoma 36 au 37. Wengi wakiona hivyo wanatoa upepo. Usitoe! Ukiishusha mpaka 32 likiwa la moto, kesho alfajiri utaamka na 28, nawe unadhani uko sawa kwa sababu jana ulipima. Kama lina njaa na huna budi kujaza likiwa la moto, ongeza tatu au nne juu ya namba ya stika, kisha asubuhi ulirudishe mahali pake.

Haya nimejifunza kwa gharama. Miaka ile nilikuwa na Carina, natoka Manyoni na mke wangu, watoto na magunia mawili ya mpunga tuliyonunua Bahi. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa na 22 kwa siku nyingi, sikujua, kwa sababu tairi za siku hizi zinavimba kidogo chini hata zikiwa na upepo wake, jicho halioni tofauti ya 22 na 32. Mwendo tisini. Nilisikia mlio kama mtu anakung'uta mkeka, kisha kishindo. Mungu mkubwa, gari lilisimama. Fundi alipolivua lile tairi kwenye rimu, ndani mlimwagika unga mweusi, laini kama masizi ya chungu, vijiko kadhaa. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Mzee, huu ni ubavu wa tairi. Umekuwa ukiusaga mwenyewe tangu lini?" Upepo ukipungua, ubavu unakunjwa na kunyooka kila mzunguko, unapata joto, unajila kutoka ndani. Kwa nje lilikuwa bado linang'aa.

Kwa hiyo nunua geji yako, ikae kwenye droo ya gari. Ya fundi imeanguka mara ngapi kwenye zege? Yako hata ikidanganya, itadanganya vilevile kila siku, nawe utajua tairi lipi linashuka kuliko wenzake. Pima mara mbili kwa mwezi na kabla ya safari. Ukijaza watu wanne na mizigo, ongeza mbili au tatu matairi ya nyuma.

Na kabla sijasahau: tafuta ubavuni maandishi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Gari kuukuu mara nyingi huuzwa na matairi yenye kashata (meno ya tairi) nzuri yaliyokaa juani miaka kumi. Ukiona nyufa ndogondogo kama udongo wa bwawa lililokauka, presha haitakusaidia kitu.

Kijana wa Ilazo, Jumatatu saa nne asubuhi

Sasa wadau. Mzee heshima yako. Mimi gari yangu ni Premio, na niliambiwa nikaweke naitrojeni badala ya hewa, ati haipandi joto. Nilikuwa naweka Nairobi. Hapa Dodoma sijaona. Pia kwa rough road mimi hushusha mpaka 26, inakuwa soft kabisa. Ni mbaya?

Mzee wa Nkuhungu, Jumatatu saa saba mchana

Kijana, hewa unayovuta hapo ulipo ni asilimia 78 naitrojeni tayari. Umelipia hiyo 22 iliyobaki, na sehemu ya pesa hiyo umelipia kifuniko cha kijani cha nozeli. Haina madhara, lakini inapanda joto kama kawaida, maana gesi ni gesi. Faida yake kubwa ni kwamba haina unyevu. Hapa Dodoma mvua yenyewe inakuja kwa kubembelezwa, unyevu utautoa wapi.

Kushusha kwenye mchanga mzito, mwendo wa ishirini au thelathini, wanafanya hata madereva wa msafara. Tatizo ni ukirudi kwenye lami hujajaza, unakanyaga mia. Una pampu kwenye gari? Kama huna, acha 32 na upunguze mwendo.

Shemeji wa Chamwino, Jumatatu jioni

Mbukwenyi! Shikamoo mzee. Mke wangu wa Kilifi ndiye mwanachama, mimi nadandia tu.

Nafundisha fizikia, naomba niongeze kituko kimoja. Mtu anatoka Dar na 32, anafika Dodoma, analala, asubuhi anapima anapata 32 au inakaribia, anasema tairi zake nzuri. Kumbe ni mambo mawili yamekutana yakafutana. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje inakandamiza kidogo kuliko Dar, na geji inapima tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo inasoma karibu PSI mbili zaidi bila mtu kuongeza chochote. Lakini kalijaza Dar kwenye nyuzi 30, anapima hapa alfajiri ya mwezi wa saba kwenye nyuzi 15 hivi, na baridi hiyo inakula PSI mbili na kidogo. Hesabu inarudi palepale. Huwa nawapa wanafunzi kama swali. Nusu ya darasa hawaniamini, wanataka tukapime gari la mkuu wa shule.

Akishuka Dar kutoka hapa ndipo aangalie, na asubuhi iwe ile ya kwanza kule, tairi likiwa limelala.

Na kuhusu miiba: huku kwetu kuna migunga kila kona. Tairi likishuka mbili tatu kwa wiki peke yake, msijaze tu mkasahau.

Mama wa Kisasa, Jumatano asubuhi

Ahsanteni nyote, Mungu awalipe. Mzee, nimefuata neno kwa neno.

Geji nimenunua juzi. Jana nimeamka saa kumi na moja na nusu, nimejifunga kanga, tochi ya simu mdomoni, mlinzi wa jirani akidhani naiba gari langu mwenyewe. Mbele kulia 43, mbele kushoto 42, nyuma kulia 43. Nyuma kushoto 27! Kwa hiyo ile Jumamosi nyuma yangu ilikuwa na mguu mmoja umevaa kiatu cha soli ngumu na mwingine umevaa ndala. Sishangai ilitaka kwenda mtaroni.

Yale matatu niliyashusha hadi 32 palepale, la nne nikalipeleka kwa yule fundi wa karibu. Hakuona mwiba. Akalitia maji ya sabuni, mapovu hayakutoka kwenye mpira, yalitoka pembeni kabisa, pale tairi linapokalia rimu, mapovu madogo yanapumua taratibu kama kaa mchangani. Rimu imeota kutu. Akalivua, akaikwangua kwa brashi ya waya na msasa, akabadilisha na nozeli kwa kuwa ya zamani ilikuwa inapasuka ukiikunja. Leo alfajiri linasoma 32, halijashuka hata moja. Unga mweusi ulikuwemo kidogo, mzee, kama wa kupaka wanja. Kasema nilitazame na nisilipeleke safari ndefu. Namba ya DOT inaishia 14, kwa hiyo mwisho wa mwezi nanunua mawili mapya, nitayafunga nyuma.

Kona ileile ya Mpunguzi sijarudi, ila matuta ya hapa mtaani nayapita bila meno kugongana.

Lililobaki ni spea. Nimeifungua kule nyuma chini ya zulia, nikakuta kitairi chembamba kama cha pikipiki, geji ikasoma 9. Ubavuni kimeandikwa 60 PSI. Kwa elimu yenu nikajua huo ndio ule mwisho usiofikiwa, nikamwambia fundi atie 32. Yeye safari hii ndiye akakataa, akanionyesha imeandikwa kijazwe 60, si kwamba kisizidi 60, na chini yake mwendo usipite 80. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mzee, ni kweli?

Mzee wa Nkuhungu, Jumatano saa sita mchana

Ni kweli, dada. Kwa spea nyembamba tu, fundi kasoma pake. Weka 60, na mwambie nimemsalimia.