Mnyama akinyamaza mkononi HAJAZOEA, anaogopa! Wauza hamsta mnatuumiza

Wakuu, habari za usiku. Niko Mtwara mjini, maeneo ya Chuno. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, mnivumilie. Leo saa nne asubuhi kazi ya wiki sita ya mwanangu imeharibiwa kwa dakika moja, na aliyeiharibu ni mtu ambaye kwa heshima siwezi kumfokea ndani ya nyumba yangu. Basi nafokea hapa.

Binti yangu yuko darasa la tano. Siku nyingi alikuwa anaomba mnyama wa kufuga. Paka hatuwezi, mama yake kifua kinambana. Nilipokwenda Dar kikazi nikapita kwa jamaa mmoja anayeuza ndege na wanyama wadogo, nikaona hamsta. Kwa asiyemjua, ni mnyama wa jamii ya panya, mnene kidogo, mkia kama haupo, na ndani ya mashavu ana mifuko ya kubebea chakula. Hawa wa rangi ya dhahabu asili yao ni Syria.

Nikamuuliza muuzaji maswali yote ambayo mzazi angeuliza. Akanijibu bila kusitasita: "Chukua wawili, mmoja atakufa kwa upweke. Waweke kwenye tundu hili, watandikie vumbi la mbao. Ukifika nyumbani uwe unawashika kwa nguvu siku mbili tatu, wakinyamaza ujue wamezoea." Nikalipa Sh 70,000 pamoja na tundu. Nikapanda basi la alfajiri, boksi mapajani, Kibiti, Nangurukuru, Lindi, mpaka Mtwara. Kila basi liliposimama nilikuwa nachungulia kama wanapumua.

Kila neno aliloniambia yule mtu lilikuwa baya.

Hamsta wa aina hii akishakomaa anaishi peke yake. Huko kwao porini kila mmoja ana shimo lake na mwenzake akiingia wanapigana. Upweke haumuui, mwenzake ndiye anamuua. Usiku wa nne tulisikia kelele kama za ndege aliyebanwa na mlango. Tulipowasha taa mmoja alikuwa amechanwa shingoni na tumboni, amejibanza kwenye kona, tundu lenyewe dogo hana pa kukimbilia. Hakufika asubuhi. Mwanangu alimzika mwenyewe chini ya mwembe na siku ile hakula. Nilipompigia muuzaji akasema nimewalisha vibaya. Nilipompigia mara ya pili alikuwa ameshanizuia.

Aliyebaki binti alimpa jina la Korosho, kwa rangi yake, kama korosho iliyokaangwa vizuri. Na hapa ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza, kwa sababu nilikuwa tayari nimeshamfanyia yule mnyama ubaya wa siku nne. Nilikuwa namshika kama nilivyoambiwa. Nilikuwa namfuata kwa mkono kutoka juu, namkamata, namshikilia. Siku ya kwanza alipiga kelele, ya pili aliuma, ya tatu akanyamaza kimya, kajikunyata, macho yamemtoka. Nikafurahi! Nikamwita mama watoto aje aone, "kashazoea huyu." Kumbe mnyama alikuwa ameganda kwa woga. Huko porini mkono unaoshuka kutoka juu ni mwewe au bundi. Ukishakamatwa na mwewe, unabaki kimya ukisubiri kufa. Hilo ndilo muuzaji analiita kuzoea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Tukaanza upya. Tundu la waya tukaachana nalo, fundi seremala akatutengenezea kasha refu lenye wavu juu. Vumbi la mbao tukalimwaga, maana linaingia puani na kifuani, na huwezi kujua mbao zile zilipakwa dawa gani. Tukamwekea karatasi laini zisizo na manukato, tukazichana, kina cha shibiri moja kamili, achimbe. Gurudumu la waya alilotupa muuzaji lilikuwa dogo hata mgongo unapinda, na mguu ungeweza kunasa. Fundi akatengeneza jingine pana, lisilo na matundu. Na kwa joto letu hili la Mtwara, kaskazi ikianza hata mtu mzima anahema, tukalaza chungu cha udongo ndani ya kasha. Mchana analala humo. Kwa kweli chungu kimemsaidia kuliko kitu chochote cha dukani.

Halafu binti yangu akafanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Siku tano za mwanzo hakumgusa kabisa. Alibadilisha maji, akaweka chakula, akaondoka. Baada ya hapo, kila siku saa mbili usiku, maana hamsta anaamka giza likiingia, alikaa sakafuni pembeni ya kasha na kumsomea masomo yake kwa sauti ya chini. Sayansi, historia, chochote. Apate kuijua sauti. Macho ya hamsta ni hafifu, anamjua mtu kwa harufu na kwa kusikia, kwa hiyo akaweka karibu na chungu kipande cha kanga aliyolalia. Korosho alikiburuta mpaka ndani akakifanya kitanda. Mwanangu alikuja kuniamsha kunionyesha!

Wiki ya pili akaanza kuweka mkono ndani, kiganja juu, umelala chini bila kutikisika, na mbegu moja ya alizeti katikati. Mkono umenawa kwa sabuni isiyonukia sana, kwa sababu kidole kinachonuka chakula, kwa hamsta ni chakula. Usiku wa kwanza hakuja. Wa pili hakuja. Nilikuwa napita mlangoni nakuta mtoto mkono umekufa ganzi lakini hautoi. Usiku wa nne alikuja, akanusa kidole cha mwisho, akakimbia. Usiku wa sita akachukua mbegu, akaiweka shavuni, akakimbia. Wiki ya nne akapanda mguu mmoja kiganjani, halafu miwili. Wiki ya tano alikaa kiganjani mwanangu akamenya mbegu pale pale, akala, akajisafisha uso kwa mikono yake miwili. Mnyama anayejisafisha mbele yako amekutoa kwenye hesabu ya maadui. Hakuna mtu aliyemshika, alipanda mwenyewe na kushuka alipotaka.

Sasa njooni kwa leo.

Kaka wa mke wangu amekuja juzi kutoka Masasi. Ni mkubwa kwangu, namheshimu, na mengi ametusaidia. Asubuhi mtoto yuko shule, mimi niko uani. Shemeji katoka kula samaki wa kuchoma, hajanawa vizuri, kaingia chumbani kwa mtoto kuwaonyesha watoto wa jirani "panya wa mjini". Kafungua kasha, kainua chungu, kamtoa Korosho usingizini kwa kumkamata mgongoni. Mnyama yuko kwenye usingizi mzito, ghafla yuko hewani, kwenye mkono unaonuka samaki. Kauma. Angefanya nini kingine? Na shemeji akaukung'uta mkono. Korosho kaanguka kwenye sakafu ya saruji, kakimbilia nyuma ya kabati. Ilituchukua saa moja na nusu kumpata, tena kwa kulaza beseni lenye chakula na kukaa kimya.

Nikaambiwa nini? "Shemeji, panya ni panya tu, hafugiki. Huyo ni wa kuchoma."

Nijibu hilo, kwa sababu najua wengine humu mmeshaanza kuandika hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa kusini. Panya wa shamba nimekula kwa bibi yangu Newala tangu utotoni, na sioni aibu hata kidogo. Kula panya wa shamba hakukupi ruhusa ya kumtesa mnyama wa mtoto wa mtu. Mbona kuku tunakula, na kuku wa jirani hatumrushi sakafuni?

Na hilo la "hafugiki" ni uongo mtupu. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya buku wetu hawa hawa. Wanazoeshwa watu tangu wakiwa wachanga, macho ndiyo yamefumbuka, na wanafundishwa kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi. Wamefanya kazi Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma hapa, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kusafisha maeneo yake ya mabomu yaliyojulikana. Mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Hakuna aliyekung'utwa sakafuni ili ajifunze.

Na nyie mnaotoa ushauri kwenye magrupu: "mnyime chakula siku mbili atakuja mwenyewe", "mvalie glavu umbane mpaka achoke", "mwogeshe maji ya baridi apoe". Mnajua mnachosema? Hamsta haogeshwi maji, anaoga mchanga mkavu; ukimlowesha anapoteza mafuta ya manyoya yake, anapata baridi na anaweza kufa. Njaa haimfanyi akupende, inamfanya aume. Mnyama mwenyewe anaishi miaka miwili, mitatu akibahatika. Unamtia kwenye hofu wiki nzima ya maisha hayo ili upate picha ya kuweka kwenye status.

Muuzaji, kama unapita humu unajijua. Pesa sizitaki tena. Nataka uache kuwauzia watu hamsta wawili wawili kwenye tundu moja, na uache kuwaambia wabane mpaka anyamaze. Mwambie mteja ukweli: mmoja mmoja, kasha kubwa, na itachukua wiki kadhaa. Akiona ni kazi, asinunue.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie jambo moja. Hana jeraha ninaloliona, anatembea sawa, amekunywa maji, lakini chakula hajagusa. Je, tumwache kabisa siku kadhaa kama mwanzo, au binti aendelee kukaa naye bila kuingiza mkono? Daktari wa mifugo niliyempata anajua ng'ombe na kuku, amesema kweli kabisa kwamba huyu hamjui.

Sasa hivi ni saa nne usiku. Shemeji yuko sebuleni anaangalia mpira. Binti amekaa sakafuni na daftari lake la sayansi, anasoma kwa sauti ya chini, mikono ameiweka mapajani. Korosho hajatoka kwenye chungu. Ufunguo wa chumba nimeuweka mfukoni kwangu, na utakaa huko mpaka wageni waondoke.