Wakuu ushauri: Mungu ananiita nikahubiri ila wadogo zangu wananitegemea ada

Wakuu habari za jioni, niko Uyole Mbeya, nanunua viazi kwa wakulima napakia kwenda Dar na hela hiyo ndo inasomesha wadogo zangu wawili tangu mzee afariki. Sa toka mwaka jana kila nikiomba nasikia moyoni acha biashara nenda kahubiri, mama anasema wito unaofukuzisha watoto shule haujatoka kwa Mungu. Jamaa angu anayesoma chuo Iringa kanipa habari za Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, baba wa udhanaishi (falsafa ya kwamba mtu mwenyewe ndo anachagua maisha yake na kuyabeba), eti kwenye kitabu chake cha 1843 Ibrahimu alipoenda kumtoa Isaka sadaka alivuka maadili sababu mtu akiitwa na Mungu anakuwa juu ya sheria za watu. Niende?

Mwanjelwa Boy: Nenda mkuu, Mungu atawalisha.

Mama Viazi: Atawalisha kupitia nani? Ada utalipa wewe?

Mlevi wa Vitabu: Jamaa ako kakupa nusu. Kierkegaard anakubali kabisa kwamba kimaadili Ibrahimu alikuwa anaenda kuua, na asingempenda Isaka angekuwa Kaini tu. Alafu hakuweza kumweleza mtu, Sara hakuambiwa kitu. Ibrahimu hakufungua uzi mkuu! Ukituuliza sisi ushahamia kwenye maadili ya watu, na huku mama ana hoja.

Mleta uzi: Dah umenichoma. Sa ntajuaje sauti ni ya nani?

Binti Tukuyu: Sartre, mdhanaishi wa Ufaransa, aliliuliza hilohilo Paris 1945, yeye hakuamini Mungu, akasema malaika akikutokea bado ni wewe unayeamua kama ni malaika. Mwanafunzi wake alikwama kati ya kubaki na mama na kwenda vitani, akamwambia uko huru, chagua. Jibu la mtu asiye na ada ya kulipa hilo 😂 Mi nasimama na Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, japo si mdhanaishi: anasema Ibrahimu angeijibu ile sauti kwamba nisimuue mwanangu nina uhakika, ila kwamba wewe ni Mungu sina uhakika.

Mwanjelwa Boy: Kant angekuwepo hakuna hata mmoja angeokoka.

Mlevi wa Vitabu: Na Kierkegaard mwenyewe alichoacha ni mchumba, Regine Olsen, 1841. Hakuwa na madogo wa kusomesha.

Mama Viazi: Hao madogo umewauliza lakini? Hata Isaka njiani aliuliza mwanakondoo yuko wapi.

Mleta uzi: Mkubwa anajua kanuna, mdogo bado sijamwambia. Ntaongea nae Jumapili, ntaleta mrejesho.