Natoka GTX 1060, niende kizazi gani? 3080 ya mtumba, 4070, 5060 Ti au 9060 XT

Chapeo88
Wakuu habari zenu. Nina kadi ya picha ya kompyuta, GTX 1060 ya memori 6GB, tangu 2017, imenitumikia vizuri sana ila sasa imechoka, na Nvidia wenyewe walishasema draiva mpya za gemu kwa kizazi chake mwisho Oktoba 2025, baada ya hapo ni viraka vya usalama tu. Nimejibana mwaka mzima na mwisho wa mwezi huu lazima ninunue, maana najijua, nikichelewa hela itaenda kwenye mambo mengine. Zimebaki nne kichwani: RTX 3080 ya mtumba, RTX 4070 na RTX 5060 Ti, zote za Nvidia, na RX 9060 XT ya AMD. Kizazi kipi kinalipa zaidi kwa hela yake? Nisaidieni wadau.

Fundi_Waya
Mkuu hapo hujasema kitu. Monita yako ya aina gani? Prosesa? Pawa saplai wati ngapi? 5060 Ti ipi, ya 8GB au ya 16GB, maana hizo ni kadi mbili tofauti zimepewa jina moja. Na unafanyia nini, gemu au kazi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mzee_wa_1080Ti
Maswali yote hayo ya nini. 1080 Ti ilitoka Machi 2017 kwa dola 699 ikiwa na memori 11GB. Mwaka uliofuata ikaja 2080 kwa dola 699 zile zile, spidi karibu ile ile, memori 8GB. Yaani mtu kasubiri mwaka na nusu apate kadi yenye memori pungufu. Tangu siku hiyo mi nikisikia "kizazi kipya" nafunga pochi. Kaa na 1060 yako.

BintiPikseli
Mzee wewe kila uzi ni wimbo huo huo 😂 Vipo vizazi vilivyokuwa na maana bwana. 1070 ya 2016 kwa dola 379 ilikuwa inasimama bega kwa bega na 980 Ti iliyotoka mwaka mmoja nyuma kwa 649. 3070 ya 2020 kwa 499 iliikamata 2080 Ti ambayo toleo la Nvidia wenyewe liliuzwa 1199. Hizo ndo hatua za kweli.

Wanaoumia ni sisi wa kadi za 60, zile za chini ambazo jina linaishia na 60. Angalia bei za uzinduzi: 1060 ya 6GB dola 249, 2060 dola 349, 3060 dola 329 na memori ikapanda mpaka 12GB, 4060 dola 299 memori ikarudi 8GB, 5060 dola 299 na 8GB tena. Ukisoma bei tu unaona zinashuka unafurahi. Sasa soma upana wa njia ya memori: zile tatu za mwanzo zote biti 192, kuanzia 4060 ni 128. Chipu ya 2060 ilikuwa na milimita za mraba 445, ya 4060 ni 159. Ni kama sabuni ya kipande, karatasi ile ile, jina lile lile, ukifungua ndani kipande kimekonda.

Kobe_wa_Fremu
Binti hapo unachagua namba zinazokufaa. Milimita za chipu haziniletei fremu, yaani picha kwa sekunde. Chipu ya 2060 imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12, ya 4060 kwa teknolojia mpya zaidi, vitu vingi vinaingia sehemu ndogo, na wameiongezea kashe (memori ndogo ya haraka ndani ya chipu) kufidia hiyo njia nyembamba. Inakula wati 115 wakati 3060 inakula 170, na bado kwenye skrini za 1080p inaipita 3060 kama asilimia 20. Halafu hela nayo inazeeka, dola 249 za 2016 ukizileta 2025 kwa mfumuko wa bei wa Marekani ni kama 330. Kwa hesabu hiyo 5060 ni rahisi kuliko 1060 ya mwenye uzi ilivyokuwa siku inatoka.

BintiPikseli
Inaipita mpaka hiyo 8GB ijae. Ikijaa, picha zinaanza kusafiri kwenda kwenye RAM ya kompyuta na kurudi kupitia PCIe (njia inayounganisha kadi na bodi), na hapo wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri kwenye jedwali huku wewe kwenye kiti unaona gemu linakwama kwama kama gari lenye maji kwenye mafuta. Na kadi hizi, 4060, 5060 na 5060 Ti, zote zina njia 8 tu za PCIe badala ya 16. Kwenye bodi mpya hutasikia kitu, kwenye bodi ya PCIe 3.0 utasikia sana. @Chapeo88 bodi gani hiyo unayo???

Chapeo88
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ryzen 5 2600, bodi B450, RAM 16GB, monita 1080p ya 75Hz, yaani inaonyesha picha 75 kwa sekunde. Pawa saplai nadhani ni 500, sikumbuki vizuri.

Fundi_Waya
"Nadhani" siyo wati. Fungua kesi usome stika, pale kwenye safu ya +12V, utuletee namba.

Na kwa monita hiyo 3080 unaitaka ya nini kaka? Ni lori la tani kumi kubebea begi la shule. Hiyo 2600 ndo itakuwa breki yako, kadi itakaa inasubiri prosesa. B450 ukiisasishia BIOS (programu ya bodi yenyewe) inapokea prosesa ya Ryzen 5 5600 au hata 5700X3D. Anzia hapo, halafu kadi ya kawaida, basi. Ila B450 inabaki PCIe 3.0, kwa hiyo alichosema Binti kinakuhusu moja kwa moja: usiguse 8GB.

mchimbaji_mstaafu
Kuhusu 3080 ya mtumba ngoja niwasimulie, na wala msinicheke, maana mimi mwenyewe nimechimba kripto kwa RX 580 miaka miwili, nilijiona najua kila ujanja.

Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022 kadi zilimwagika kila mahali. Nikapata jamaa ana 3080 ya 10GB, boksi lake safi, anasema ilikuwa ya mdogo wake anachezea mpira tu. Tukaijaribu kwake dakika tano, benchimaki (jaribio la kasi) ikapita, feni kimya, nikalipa. Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza: stika ndogo juu ya skurubu ilikuwa imekaa upande kidogo, kama mtu kaibandua kwa kucha akairudisha.

Nyumbani dakika ishirini za kwanza raha tupu. Ya ishirini na moja fremu zinatoka 110 mpaka 60, feni zinalia kama mashine ya kusaga. Nikawasha programu ya kusoma joto: chipu nyuzi 70, shwari kabisa, memori nyuzi 110. Zile memori za 3080, aina ya GDDR6X, zikifika 110 kadi inajipunguza yenyewe isiungue, kumbe ndo nilikuwa naliona hilo. Nikafungua. Vile vipedi laini vinavyokaa kati ya memori na hitisinki (chuma cha kupozea) mtu alishabadilisha, kaweka vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, kwa hiyo hitisinki imekaa mshazari, vipedi viwili havina hata alama ya kugusana na chochote. Mafuta yamevuja yamesambaa kwenye bodi mpaka yanang'aa. Nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikanunua vipya vya unene sahihi, ikashuka mpaka 94, nikajisifu kwelikweli.

Miezi mitatu baadaye vikaanza vijiraba vya kijani kwenye skrini, vidogo, vimepangana kama kitambaa cha kochi. Wiki moja tu, skrini nyeusi. Jamaa simu haipatikani mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia mtumba, dai kuijaribu dakika 40 na macho yawe kwenye joto la memori, achana na la chipu.

Mzee_wa_1080Ti
Pole sana. 1080 Ti yangu nyuzi 68 mwaka wa ngapi huu.

TakaMoto
Wote mnazunguka mbuyu. 9060 XT ya 16GB ilitoka Juni 2025 kwa dola 349. 5060 Ti ya 16GB ilitoka Aprili kwa 429. Tofauti dola 80, fremu zinapishana kidogo sana, wati 160 kwa 180. Na 9060 XT ina njia 16 zote za PCIe kwa hiyo bodi ya zamani haiisumbui. Uzi ufungwe.

Kobe_wa_Fremu
Haufungwi. 5060 Ti ina DLSS 4, teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu kwa AI, ukiwasha kuzalisha fremu inaongeza mpaka fremu tatu kwa kila moja ya kweli.

TakaMoto
Fremu za kubuni hizo. Ndo zile zile alizosimama nazo bosi wa Nvidia, Jensen Huang, Januari 2025 akasema 5070 ya dola 549 ina nguvu ya 4090. 4090 ilizinduliwa kwa 1599! Ukizima huo uchawi 5070 inakaa jirani na 4070 Super iliyotoka mwaka mmoja kabla kwa 599. Kizazi kizima umelipia programu.

Kobe_wa_Fremu
Kwani fremu ya kweli ni ipi? Zote ni hesabu tu. Macho yangu hayaulizi cheti cha kuzaliwa.

BintiPikseli
Macho hayaulizi ila mkono unauliza. Ukianza na fremu 25 ukazizalisha mpaka 90, picha inateleza lakini ukibonyeza kitu kinajibu kwa uzito wa zile 25. Ni nzuri kama tayari una 60 na monita ya kasi. Mwenye uzi ana 75Hz, atazipeleka wapi?

Na hizo bei za uzinduzi mnazopigania zichukulieni kwa chumvi. 3080 ilikuwa 699 kwenye jukwaa, 2021 watu walilipa zaidi ya mara mbili. Bei ya uzinduzi ni ya siku hiyo na ya waliowahi. Na wakati mwingine hata wenyewe wanakuwa hawaiamini, mnakumbuka 4080 ya 12GB ya 2022? Walitangaza dola 899, watu wakapiga kelele kwamba jina la 4080 haliistahili, wakaifuta kabla haijauzwa, Januari 2023 ikarudi inaitwa 4070 Ti kwa dola 799. Kadi ile ile! Kwa hiyo jina lilikuwa na thamani ya dola 100.

Fundi_Waya
Hiyo nilikuwa nimeisahau 😂

Chapeo88
Wakuu mmenifungua macho. Ila kuna kitu sikusema, gemu nacheza wikendi tu. Siku za kazi natumia Blender, programu ya michoro ya 3D, narenda (natoa picha za mwisho) matangazo mafupi kwa Cycles, injini yake ya kurenda, ndo yanayonilipa. Sijui kama inabadilisha kitu.

Fundi_Waya
SIJUI KAMA INABADILISHA KITU 🤦🏾

Nilikuuliza swali la kwanza kabisa kaka. Inabadilisha kila kitu.

Kobe_wa_Fremu
Basi AMD wapishe njia. Cycles kwa OptiX, njia ya Nvidia ya kurenda, hakuna mjadala, kadi za Nvidia ziko mbali. 1060 yako haina hata viini vya kufuatilia miale, ukihamia 5060 Ti renda ya usiku kucha unaisubiri na chai. Chukua 16GB tu, sini (mandhari unayorenda) ikizidi memori ya kadi kasi inaanguka kabisa au inakataa.

TakaMoto
Blender inafanya kazi kwa AMD pia, HIP ipo, ndo njia yao ya kurenda.

Kobe_wa_Fremu
Kufanya kazi na kufanya haraka ni vitu viwili, na wewe unajua.

BintiPikseli
Kwa hilo niko na Kobe, inaniuma kusema. Na 4070 nayo itoke kwenye orodha, ina kasi kuliko 5060 Ti ndiyo, lakini memori 12GB, na ilizinduliwa kwa 599. Kwa mtu wa sini kubwa mi ningebaki na 16. Japo kama sini zako ni ndogo, 4070 inamaliza mapema... Chapeo renda zako zinakula memori ngapi? Iangalie pale chini kwenye Blender.

Chapeo88
Nitaangalia nikirudi kwenye mashine. Kwa sasa nimefungua kesi. Vumbi humu ni godoro. Stika ya pawa saplai: imeandikwa 450W kwa herufi kubwa, halafu +12V 28A.

Fundi_Waya
Volti 12 mara ampea 28 ni wati 336. Hiyo ndo nguvu yako ya kweli kwa kadi na prosesa, hiyo 450 ya mbele ni mapambo, wamejumlisha na laini za 5V na 3.3V. Kadi 180, prosesa 90 ikikaza, feni, diski. Inatosha kwa kujibana, ila renda ya saa nane mfululizo siyo gemu, hakuna kupumzika. Nvidia wenyewe wanashauri 600 kwa 5060 Ti. Pawa saplai iingie kwenye bajeti kabla ya kadi.

Kobe_wa_Fremu
Unamtisha bure, hiyo 600 wameweka kwa ajili ya pawa saplai mbovu.

Fundi_Waya
Na hiyo yake ni ipi?

mchimbaji_mstaafu
Ina umri gani hiyo? Kama ni ya 2017 kama kadi yako basi ni mzee mwenzake. Na kwenye 5060 Ti tafuta yenye konekta ya kawaida ya pini 8, nyingi zinayo, usiingie bila sababu kwenye ile ya pini 16 yenye historia ya kuyeyuka.

TakaMoto
Zilizoyeyuka ni za kadi kubwa kama 4090 ya wati 450, siyo kadi ya wati 180. Mnachanganya watu.

mchimbaji_mstaafu
Wewe ndo wa kuitetea Nvidia leo? Haya.

NuruGizani
Habari wadau, mi ni msomaji tu wa kimya kimya. Nina GTX 750 Ti. Hiyo 1060 kaka Chapeo ukishabadilisha utaipeleka wapi?

Chapeo88
@NuruGizani subiri kwanza ndugu yangu, hata sijui kama mpya itaingia humu. Nimepima kwa rula, kutoka nyuma mpaka kwenye kibanda cha kufungia diski ni sentimita 25 na kidogo. Za feni tatu zinaingia kweli?

BintiPikseli
Feni tatu haziingii. Tafuta ya feni mbili.

Fundi_Waya
Kibanda hicho kina skurubu nne, king'oe. Tuma picha.