Mlioiponda Big Daddy, mliitazama hadi mwisho au mlitoka ukumbini na bisi zenu?

Wakuu, leo nimechoka kabisa. Kila nikiitaja Big Daddy, ile filamu ya vichekesho ya Adam Sandler, mbele ya mtu anayejiona mjuzi wa sinema, jibu ni lilelile: "Ile ya asilimia arobaini?"

Tuanze na hiyo asilimia maana ndiyo inayonichefua kuliko yote. Rotten Tomatoes, ile tovuti inayotoa hizo asilimia, hawasahihishi mtihani. Wanahesabu tu wahakiki wangapi wameikubali filamu na wangapi wameikataa. Kwa hiyo hiyo arobaini maana yake ni kwamba katika kila wahakiki kumi, wanne hivi waliikubali. Wanne! Sasa mtu anaibeba namba hiyo utadhani filamu ilikalishwa darasani, ikapata arobaini kwa mia, irudie mwaka. Ukimbana kidogo, unakuta mwenyewe hajaiona.

Ilipotoka mwaka 1999 watu walijaa kumbini, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Wahakiki wengi wakaishukia, na Sandler akatupiwa Razzie ya mwigizaji mbovu kuliko wote, zile tuzo za dhihaka. Haya, pesa si ushahidi wa uzuri, hilo sibishi. Lakini malalamiko yenyewe ni yapi? Utani mchafu, na machozi ya kulazimisha. Eti jitu zima linamfundisha mtoto wa miaka mitano kukojoa kwenye ukuta wa watu na kutupa vijiti njiani ili wanaopita na viatu vya magurudumu waanguke.

Basi tuiongelee The Kid ya Charlie Chaplin, ya 1921. Mtoto anarusha jiwe, kioo cha dirisha kinapasuka, anatimua mbio. Mara anatokea baba mlezi na vioo mgongoni, kama vile anapita tu, anapewa kazi ya kuweka kingine. Huo ni utapeli wa baba na mwana mchana kweupe! Baadaye wanakuja watu wa kumpeleka mtoto kwenye kituo cha yatima, mtoto analia amenyoosha mikono, na wewe unalia. Mwaka 2011 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na inastahili. Msinizushie kwamba nimemlinganisha Sandler na Chaplin. Ninachouliza ni kwa nini baba mhuni wa 1921 ni sanaa, na baba mhuni wa 1999 ni mfano mbaya kwa jamii.

Halafu, tukirudi kwenye Big Daddy, kuna lile gazeti. Sonny, yule anayeigizwa na Sandler, amesoma sheria lakini anafanya kazi siku moja tu kwa wiki, kwenye kibanda cha ushuru wa barabara. Anakula fidia ya dola 200,000 kwa sababu teksi ilimkanyaga mguu. Mtoto aliyemchukua kumlea anakojoa kitandani. Jamaa anafanya nini? Anatandaza gazeti juu ya pale palipolowa, basi, kazi imeisha. Wakasema huo ni ujinga wa kitoto. Mimi mke wangu aliwahi kusafiri, saa tisa usiku mtoto akanigusa bega: "Baba, kumelowa." Nilitandika taulo, nikamsogeza upande wa pili, nikalala. Kwa hiyo msinieleze kwamba aliyeandika lile tukio hajui malezi. Anayajua kuliko mhakiki wake.

Nawakubalia jambo moja. Utani kuhusu mpenzi wa zamani wa Sonny na yule mzee ambaye huyo mpenzi alimkimbilia umechosha, na ile karamu ya mwisho ingekatwa yote nisingeidai. Hapo pondeni, nitawashikia mawe.

Ila hili la "mwisho mtamu" ndilo linalonitoa povu. Mtamu wapi? Sonny yuko mahakamani akimgombania mtoto, anamgeukia baba yake mzazi, mwanasheria ambaye siku zote amemwona mwanawe hafai, na kumsihi aamini kwamba anaweza kulea. Mzee analainika. Filamu ya sukari ingempa mtoto hapohapo, watu wapige makofi twende nyumbani. Hii haikufanya hivyo. Inajulikana kwamba baba halisi wa mtoto ni Kevin, rafiki anayekaa naye nyumba moja, yule ambaye Sonny alijifanya ndiye ili amchukue mtoto. Mtoto anakwenda kwa Kevin. Sonny, aliyemchukua ili tu amvutie mwanamke, ndiye anayembembeleza mtoto akubali kwenda.

Sasa wewe uliyeniambia jana kwamba ile ni filamu ya jitu lisilotaka kukua, nijibu swali dogo tu: Sonny anatoka mahakamani na mtoto au bila mtoto? Kama hukumbuki, nenda kaitazame kwanza. Nipo hapa nakusubiri.